Mzee ana moyo na figo, HB 7.8: wa moyo anasema hivi, wa figo anasema vile. Tushike lipi?

#1 Kingolwira_Juu
Wakuu salaam. Niende moja kwa moja.

Mzee wangu ana miaka 67, sukari na presha za siku nyingi. Mwaka jana aliambiwa moyo umetanuka, eko (kipimo cha picha ya moyo) ikaonyesha unasukuma asilimia 30. Figo nazo zimechoka. Hajafikia kusafishwa damu, ila kipimo cha kazi ya figo, eGFR, ni 24. Safari hii kilichomlaza siyo maji, ni kupungukiwa damu: HB (kipimo cha wingi wa damu) 7.8. Akitoka kitandani kwenda msalani lazima asimame njiani ashike ukuta, na viganja ni vyeupe pee.

Hospitali ya kwanza walitaka kumwekea chupa mbili za damu. Tukasita, maana mara ya mwisho alipowekewa alikesha ameketi, kupumua hawezi. Daktari wa moyo anasema apewe chuma kwa mshipa. Wa figo anasema chuma peke yake ni kupoteza muda, aanze sindano za EPO, za kuamsha utengenezaji wa damu. Vidonge vya chuma vya FEFO anameza tangu Pasaka, HB ilikuwa 8.1 na ndiyo inazidi kushuka.

Damu yake inakwenda wapi wakati hatoki damu popote? Na hao wawili tumsikilize nani?

#2 Mama_Tabu_Original
Pole mwanangu. Chukua bitruti, rozela na matembele, saga pamoja, anywe asubuhi na jioni. Wifi yangu alitoka uzazini na HB 6, haikuchukua muda akawa na 11. Hospitali watawazungusha tu.

#3 Famasia_ya_Kona
Mama Tabu, kwa mzazi mwenye figo nzima sina neno. Kwa mtu wa eGFR 24 glasi hiyo ni ya kuogopa. Bitruti na matembele yana potasiamu nyingi, figo zilizochoka zinashindwa kuitoa, na potasiamu ikipanda sana moyo unaweza kusimama bila kupiga hodi.

Kingolwira, tutajie dawa zote anazokunywa. Zote, hata ya tumbo.

#4 Mama_Tabu_Original
Haya. Majani waliyokula babu zetu leo yamekuwa sumu.

#5 Baba_Uji
Babu zetu hawakuwa na eGFR mama, walikuwa na majembe 😂 Naweka kigoda hapa nisome.

#6 Kingolwira_Juu
@Famasia: frusemaidi, kavedilo, losatani, spironolaktoni, aspirini ndogo, omeprazo, na hiyo FEFO. Metifomini alikunywa miaka mingi, waliisimamisha figo zilipoanza kusumbua. Chai ya rangi sijui kama inahesabika, lakini kwa anavyoinywa ndiyo dawa yake kubwa.

#7 Nesi_wa_Usiku
Pole kwa uuguzi. Niko kitengo cha kusafisha damu, HB za namna hii ndizo tunazoshinda nazo.

Umeuliza damu inakwenda wapi. Kwa mgonjwa wa figo mara nyingi haiendi popote, ni kwamba haitengenezwi. Figo hazitoi mkojo tu, zinatoa pia homoni ya eritropoitini, hiyo EPO, inayouamuru uboho utengeneze chembe nyekundu. Figo zikinyauka amri inapungua. Unaweza kumlisha maini mwaka mzima, kiwandani hakuna aliyeambiwa aanze kazi. Daktari wa figo ana hoja.

#8 Famasia_ya_Kona
Nesi, kabla hatujaitupia figo lawama zote, tazama orodha hiyo. Aspirini inakwangua tumbo, mtu anavuja matone kwa matone bila kujua. Omeprazo inapunguza asidi, na bila asidi chuma cha kidonge hakinyonywi vizuri. Chai ya rangi nayo inakikamata hicho hicho. Metifomini ya miaka inaweza kushusha B12. Losatani inapunguza HB kidogo. Hapo sijataja ugonjwa wowote, ni mfuko wa dawa tu.

Na kaka, unasema hatoki damu popote. FEFO inageuza choo kuwa cheusi. Damu ya tumboni nayo inageuza choo kuwa cheusi. Mmejuaje?

Halafu spironolaktoni nayo inapandisha potasiamu, kwa eGFR 24 mwulizeni daktari lini mara ya mwisho walipima potasiamu. Msiisimamishe wenyewe, ulizeni.

#9 Dk_Mtaa_wa_Tatu
Nimepita, nitaongeza mawili.

Moyo uliochoka na figo zilizochoka huuweka mwili kwenye inflamesheni, yaani kinga ya mwili inakaa vitani muda wote. Hapo ini linatoa homoni ya hepsidini kwa wingi. Hepsidini ni kama mtunza ghala aliyefunga mlango na kuondoka na ufunguo: chuma kilichomo hakitoki kwenda ubohoni, na cha kwenye chakula hakiingii kupitia utumbo. Ndiyo maana FEFO ya tangu Pasaka haijafanya kitu. Mwaka 2017 Marekani walichapisha utafiti wa IRONOUT-HF, chuma cha kumeza kwa wagonjwa wa moyo, wiki 16, uwezo wao wa mazoezi haukuongezeka. Cha mshipani kinaupita ule mlango wa utumbo.

La pili, mgonjwa aliyejaa maji HB yake husomeka chini kuliko ilivyo, kwa sababu damu imezimuliwa. Siku alipopimwa 7.8 miguu ilikuwa imevimba?

#10 Kingolwira_Juu
Miguu ilivimba kidogo, siyo ya kutisha. Shukrani daktari.

#11 Mbishi_Halisi
Nesi anasema figo, Famasia anasema vidonge, Daktari anasema ini limefunga ghala. Mimi nauliza kitu kimoja: mzee analima?

#12 Kingolwira_Juu
Alikuwa na bustani ya mboga kando ya mto mpaka alipougua. Kwa nini?

#13 Mbishi_Halisi
Peku?

#14 Kingolwira_Juu
Peku mkuu, viatu vya mvua anasema vinamchoma.

#15 Mbishi_Halisi
SAFURA. Minyoo inaingia kwa nyayo, inakaa utumboni inanyonya. Mnampeleka mtu kwenye mashine za mamilioni na hakuna aliyempima choo. Nasubiri mnipinge.

#16 Dk_Mtaa_wa_Tatu
Sikupingi. Choo kipimwe, mayai ya minyoo na damu iliyojificha vyote viwili. Ila minyoo haifuti figo.

#17 Bi_Kizingo
Hamjambo. Mie niko Mombasa, mamangu yuwaenda dayalisisi mara mbili kwa wiki. Nataka kusema kuhusu damu ya kuongezewa, manake mlipita hapo mbio.

Mwanzoni kila HB ikishuka alikuwa atiliwa chupa. Yapanda, baada ya mwezi iko pale pale. Ndugu yangu akajitolea figo, tukapimwa. Tukaambiwa mama ashajenga kinga nyingi dhidi ya chembe za watu wengine, kumpata wa kulingana naye imekuwa kazi. Sehemu ni uzazi, katuzaa sita, na sehemu ni zile chupa. Hakuna aliyetwambia mapema. Kama mgonjwa ana tamaa ya kupandikizwa figo siku moja, ulizeni kabla ya kukubali kila chupa.

#18 Nesi_wa_Usiku
@Bi_Kizingo asante dada, hilo watu hawaambiwi.

Kuhusu mzee kushindwa kupumua: moyo wa asilimia 30 na figo zisizotoa maji, ukimmwagia chupa mbili haraka yanakimbilia mapafuni. Ikibidi apewe damu, iwe chupa moja kwanza, polepole, ila isizidi muda wa saa nne tangu itoke kwenye jokofu, na daktari aamue kuhusu frusemaidi. Chupa moja hupandisha HB kama 1 hivi. Wengi huanza kufikiria kuongeza damu HB ikishuka chini ya 7, mwenye moyo chini ya 8. Kwa hiyo 7.8 waliotaka kumwekea hawakuwa wajinga. Wasiwasi ni zile mbili.

#19 Mbishi_Halisi
Nimesema toka moyoni: mtu hana damu, mpe damu. Haya mengine ni kuzunguka mbuyu.

#20 Baba_Uji
Mbishi juzi ulisema minyoo, leo damu. Kesho utasema Yanga ndiyo wanamnyonya 😂

#21 Mwarabu_wa_Kariakoo
Assalaam aleikum, niko Maskati kikazi. Mimi nina moyo tu, figo nzima. Hapa walinipima feritini, yaani akiba ya chuma, ikaonekana iko chini, HB ilikuwa 12.9, yaani karibu na kawaida. Wakaniwekea chuma cha mshipani, dripu ndogo ya rangi ya kahawia, robo saa imeisha, nikakalishwa nusu saa wanitazame kama nitawashwa. Nilikuwa nasimama kila ghorofa, sasa napanda hadi ya tatu na mfuko wa mchele. Kilichonishangaza ni kwamba HB yenyewe ilipanda kiduchu.

#22 Dk_Mtaa_wa_Tatu
Mwarabu, hakuna cha ajabu. Chuma hakitumiki kwenye damu tu, misuli na moyo wenyewe vinakihitaji kutengeneza nguvu. Utafiti wa FAIR-HF, 2009, wagonjwa 459, waliopewa chuma cha mshipani walijisikia vizuri na kutembea mbali zaidi, wenye upungufu wa damu na wasio nao. Ndiyo maana watu wa moyo wanakishangilia.

#23 Mwanaspoti_Ilala
Mimi siyo mtu wa dawa ila EPO naijua kwenye michezo. Lance Armstrong alikiri mwaka 2013 kwamba aliitumia kwenye mbio za baiskeli. Kama inampa mtu mzima mapafu ya farasi, mgonjwa kwa nini asidungwe mpaka HB ifike 15 mambo yaishe?

#24 Dk_Mtaa_wa_Tatu
Ndivyo madaktari walivyofikiri, wakaumbuka. CHOIR, 2006: wagonjwa wa figo waligawanywa, kundi moja HB ilengwe 13.5, jingine 11.3. Waliolengwa juu ndio waliopata zaidi vifo na matatizo ya moyo, utafiti ukakatishwa. Ikaja TREAT mwaka 2009, watu 4,038. Waliodungwa dapoitini, aina ya EPO, kulenga 13 walipata kiharusi 101, waliodungwa sindano tupu isiyo na dawa 53. Karibu mara mbili. Tangu hapo wengi wanaishia 10 hadi 11 na pointi. Kupita 13 hairuhusiwi.

#25 Kitabu_Wazi
Daktari, TREAT walikuwa watu wa sukari na figo. Waliokuwa na moyo uliochoka walikuwa kama theluthi tu mle, usimwogopeshe mtu wa moyo kwa namba zile.

#26 Dk_Mtaa_wa_Tatu
Kwa moyo ipo RED-HF ya 2013, watu 2,278. EPO ya muda mrefu haikupunguza vifo wala kulazwa, na damu kuganda kuliongezeka. Kwa hiyo mgonjwa wa moyo asiye na figo mbovu, EPO hapewi. Mzee wa Kingolwira anavyo vyote viwili, ndipo ugomvi ulipo.

#27 Kitabu_Wazi
Na mimi niseme ugomvi mwingine ambao hamjautaja. Chuma kimepungua ni kiasi gani? Watu wa moyo wanasema feritini chini ya 100, au 100 hadi 299 kama TSAT (kipimo cha chuma kinachosafiri kwenye damu) iko chini ya asilimia 20. Watu wa figo walizoea kujaribu chuma hata feritini ikiwa 400 au 500 mradi TSAT haizidi 30. Mzee yule yule na karatasi ile ile ya maabara, chumba hiki ana upungufu, chumba cha pili hana.

Halafu tazameni FAIR-HF walichukua watu wa HB gani: 9.5 hadi 13.5. AFFIRM-AHF ya 2020 walianzia 8. Mzee wa 7.8 asingepokelewa mlangoni. Mnatoa ushauri kwa tafiti ambazo yeye hayumo.

#28 Dk_Mtaa_wa_Tatu
Hoja ya kweli. Lakini aliyeachwa nje ya utafiti bado anaumwa, lazima umpe kitu.

#29 Kitabu_Wazi
Sawa, ila mwambie mwana wake kwamba ni makadirio. Na tusijifanye hayo yako Ulaya tu. Pale Muhimbili Profesa Abel Makubi, huyu aliyekuja kuwa Mganga Mkuu wa Serikali, na wenzake walifuatilia wagonjwa wa moyo wetu, ikachapishwa 2015. Zaidi ya nusu walikuwa na upungufu wa damu, na wenye upungufu wa damu unaotokana na chuma walikuwa na hali mbaya zaidi. Wagonjwa wa kule walikuwa vijana kuliko wa Ulaya.

#30 Mbishi_Halisi
Wetu wana safura. Mmeona?

#31 Tabibu_Mizizi_Asilia
HABARI NJEMA! Dawa ya mizizi 7 inasafisha figo, inarudisha moyo mahali pake na kuongeza damu kwa pamoja. Njoo inbox.

#32 Baba_Uji
Moyo ulikuwa umekwenda wapi mpaka urudishwe mahali pake?

#33 Famasia_ya_Kona
Mod ondoa hiyo #31. Figo ngapi zimemalizwa na mizizi, Nesi anajua.

#34 Nesi_wa_Usiku
Nawajua kwa vitanda.

Narudi kwenye mada. Kwa mtu aliyeanza dayalisisi kuna utafiti wa PIVOTAL wa Uingereza, watu 2,141, ripoti ilitoka mwishoni mwa 2018. Waliopewa chuma kingi mapema, miligramu 400 kila mwezi, walilazwa kwa moyo mara chache kuliko waliosubiriwa mpaka kipungue, na EPO waliyohitaji ikawa ndogo. Kwa hiyo hata sisi wa figo hatuanzi na EPO kabla ya chuma. Ukimdunga EPO asiye na chuma unapiga kelele kiwandani hakuna malighafi, na presha inapanda bure.

Mkifika kwenye EPO, angalieni inavyosafiri. Inataka nyuzi 2 hadi 8. Kuna kijana alimletea mama yake sindano kutoka Dar kwenye kopo la aiskrimu, barafu juu na chini, sindano katikati bila hata gazeti. Kufika, sindano moja ilikuwa na vipande vya barafu ndani ya bomba. Alisema si mlisema iwe baridi? Ikiganda imeharibika, ukiyeyusha hairudi. Fungeni kwa kitambaa isigusane na barafu, na msiitikise.

#35 Bi_Kizingo
Kweli kabisa. Ya mamangu twaiweka mlangoni mwa friji, wala si kule juu kwenye barafu.

#36 Mwanaspoti_Ilala
Bei zake zikoje? Na bima inalipa?

#37 Kingolwira_Juu
Bima ya mzee imekubali vipimo. Chuma wameniambia nisubiri kibali, nikinunua mwenyewe risiti nitunze. Kwenye ile mara ya kuwekewa damu tuliambiwa tulete ndugu wa kuchangia. Ndugu kumi na moja kwenye kikundi cha WhatsApp cha ukoo, wakaja wawili. Mmoja HB yake mwenyewe ikakataa.

#38 Baba_Uji
Tisa waliandika "Mungu ni mwema" 🙏 na kulala.

#39 Kingolwira_Juu
Umejuaje 😂

Majibu yametoka wakuu. Feritini 88. TSAT asilimia 9. B12 iko sawa. Potasiamu 5.4, spironolaktoni wamemwambia aiache kwanza. Choo: mayai ya minyoo hakuna, damu iliyojificha IPO.

#40 Famasia_ya_Kona
Aspirini. Nilisema #8.

#41 Mbishi_Halisi
Mayai hayaonekani kila siku, kipimo kimoja hakitoshi. Na safura inatoa damu ya kujificha vile vile. Alibendazo bei ya soda, mmempa?

#42 Dk_Mtaa_wa_Tatu
Alibendazo apewe, haina hasara. Lakini mzee wa miaka 67 mwenye damu chooni lazima atazamwe kwa kamera, tumbo la juu na utumbo mpana. Msije mkajaza chuma kwenye ndoo mkasahau kutazama kitobo, na kitobo cha umri huu kinaweza kuwa uvimbe mbaya. Aspirini asiiache kienyeji. Ulizeni aliwekewa kwa sababu gani: kama ana waya wa kutanua mshipa wa moyo (stenti) au alipata shambulio la moyo ni hesabu moja, kama ilikuwa ya kuzuia tu ni nyingine.

#43 Kitabu_Wazi
TSAT 9 hata wa figo hawezi kubisha. Ila feritini 88 kwa mtu mwenye ile inflamesheni inadanganya, hupanda bila chuma kuwepo. Chuma chake halisi huenda ni kidogo zaidi.

#44 Mwarabu_wa_Kariakoo
Akiwekewa, mwambie aseme mapema kifua kikibana au akiwashwa. Na mkono usichezwe, ikivuja nje ya mshipa ngozi inabaki na doa la kahawia. Langu lipo mpaka leo.

#45 Kingolwira_Juu
Leo wamekaa pamoja, wa moyo na wa figo. Mwanzo wa figo alikuwa amekunja uso. Wamekubaliana chuma cha mshipani kwanza, hiki cha sukrosi, miligramu 200 kwa awamu. HB irudiwe baada ya mwezi, ikibaki chini ya 10 wanaijadili EPO kwa dozi ndogo. Ikishuka 7 au kifua kikianza kuuma, chupa moja ya damu, polepole. Aspirini alipewa ya kuzuia tu, wameisimamisha. Kamera ni Alhamisi. Alibendazo kameza, Mbishi ulale salama.

#46 Mama_Tabu_Original
Alhamdulillah. Na chai?

#47 Kingolwira_Juu
Chai amegoma mama. Anasema moyo wamechukua, figo wamechukua, wamwachie kikombe.

#48 Mbishi_Halisi
Kamera ikitoka lete majibu hapa. Naweka buku tano na Famasia, ni minyoo.

#49 Famasia_ya_Kona
Buku tano aspirini. Nesi ashike pesa.

#50 Nesi_wa_Usiku
Mimi yangu nimeiweka kwenye figo, siwezi kushika. Tafuteni mwingine.